Kiama cha kwenye muvi na watu wanaokikata vipande

Kuna kipande kimoja cha muvi nimekiona mara nyingi kuliko kingine chochote, na wala hakina steringi ndani yake. Ni pale Ikulu ya Marekani inapolipuliwa na chombo cha wageni toka angani, mwanga unashuka, kimya kidogo, alafu jengo zima linapasuka na moto unajaa skrini. Independence Day, muvi ya 1996. Mtaani kwetu ilifika kwa mkanda wa VHS, kwenye kibanda umiza, mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, watu sitini kwenye chumba cha watu ishirini, na mzee mwenye deki alikuwa na desturi yake: Ikulu ikishalipuka tu sisi watoto tunapiga kelele "rudisha! rudisha!" naye anarudisha, tunaangalia, anarudisha tena. Mara tatu, mara nne. Stori ilikuwa inatusubiri huko mbele na hakuna aliyekuwa na haraka nayo.

Ukubwani ndo nimekuja kujua kuna watu wanafanya kazi ileile ya yule mzee. Wanakaa na deki, siku hizi kompyuta, wanachukua vipande vya muvi za mwisho wa dunia, wanavikata, wanavirudiarudia, wanaviunga na vingine, alafu kinachotoka hapo kinawekwa kwenye majumba makubwa ya sanaa na watu wanavaa vizuri kwenda kukiangalia. Inaitwa sanaa ya video. Na kila nikijaribu kumwelezea mtu swali lake la kwanza ni lilelile, sasa hapo msanii kafanya nini, si kachukua tu muvi za watu? Swali halali kabisa, ila jibu lake linazunguka kidogo kwaiyo nivumilie.

Kwanza hilo jina tuliweke sawa maana linachanganya. Sanaa ya video sio video ya muziki na sio filamu fupi. Filamu unaingia, unakaa, inaanza, inaisha, taa zinawaka, unarudi nyumbani. Sanaa ya video mara nyingi inawekwa kwenye chumba cha giza ndani ya jumba la sanaa, inajirudia kutwa nzima, we unaingia katikati, unasimama ukutani au unakaa chini, ukichoka unatoka. Hilo la kujirudia lishike vizuri, maana mwisho wa dunia unaotokea mara moja na mwisho wa dunia unaojirudia kila baada ya dakika 10 ni vitu viwili tofauti kabisa. Sanaa yenyewe ilianza kushika kasi miaka ya 1960, kuna Mkorea mmoja Nam June Paik mwaka 1963 alifanya maonesho mji wa Wuppertal huko Ujerumani akajaza matelevisheni ambayo picha zake kaziharibu makusudi, na baadae kamera za video za kubeba mkononi zilipoingia sokoni wasanii wengi wakaanza kujirekodi wenyewe. Mimi leo naongelea kundi lingine, lile ambalo kamera halikugusa kabisa. Lenyewe lilishika mkasi.

Mfano mzuri wa kuanzia ni Dara Birnbaum wa New York. Mwaka 1978 kuingia 1979 alichukua tamthilia ya televisheni ya Wonder Woman akaacha stori karibu yote, akabaki zaidi na pale dada anapojizungusha akigeuka kutoka mfanyakazi wa ofisini kuwa shujaa, na ule mlipuko wa moto unaoandamana na kujizungusha kwake. Kazi nzima haifiki dakika sita, na inaanza na milipuko imeunganishwa mmoja baada ya mwingine, king'ora kinalia, alafu anazunguka, anazunguka, anazunguka. Mlipuko ukiuona mara moja unasema haya, shujaa kaja. Ukiuona mara ya saba shujaa humuoni tena, unauona moto wenyewe, unaona kumbe ni ujanja wa studio tu, na unaanza kujiuliza kwani kwanini huyu mwanamke mpaka alipuke ndo apewe nguvu. Hakuna neno moja la maelezo ambalo Birnbaum ameongeza hapo. Amerudia tu. Yule mzee wetu wa kibanda umiza angecheka sana.

Ila kama unaniuliza mimi, baba wa mchezo huu ni Bruce Conner, na yeye hata video hakutumia, alitumia filamu ya kawaida ile ya kupitisha kwenye projekta. Alikuwa San Francisco, hela ya kurekodi hana, akaenda duka la kamera akanunua zile filamu fupi zilizokuwa zinauzwa watu waangalie nyumbani, vipande vya habari, vipande vya muvi za kikauboi, ajali za magari, akaviunga kwa gundi. Mwaka 1958 ikatoka kazi ya dakika 12, jina lake A Movie, yaani "Muvi", basi. Mwanzoni jina lake mwenyewe limejaa skrini muda mrefu mpaka inakera, na yale maandishi ya "mwisho" yanatokea kabla hata haijakolea, kwaiyo unajua kabisa umekutana na mtani.

Humo ndani kuna kipande ambacho nadhani kinafundisha sanaa hii nzima kwa chini ya dakika moja. Nahodha wa nyambizi anachungulia kwenye kile kioo cha kuangalia juu ya maji. Kata. Mwanamke nusu uchi anaangalia kamera. Kata. Nahodha anashtuka, anaamrisha. Kata. Kombora la majini linafyatuka. Kata. Wingu la uyoga la bomu la atomiki linapanda. Kata. Mawimbi makubwa yanawafunika watu wanaoteleza baharini. Hivyo vitu vyote vimepigwa sehemu tofauti na watu tofauti ambao hawajawahi kuonana, nahodha hakumuona yule dada, kombora halikwenda popote, lakini macho yako yameshaunganisha, umeshacheka, na katikati ya kicheko unagundua umecheka bomu la nyuklia. Warusi walishalijua hilo zamani, Lev Kuleshov miaka ile ya karibu na 1920 alionesha kwamba uso uleule wa mtu, ukiutangulizia sahani ya supu watu wanasema ana njaa, ukiutangulizia jeneza wanasema ana huzuni. Kamera inadanganya kidogo, mkasi ndo mwongo mwenyewe.

Na Conner hakuachana na lile wingu. Mwaka 1976 akatoa Crossroads, na hii ni kinyume cha A Movie kabisa, haina haraka, dakika 36 hivi za mlipuko mmoja. Mlipuko wenyewe ni wa kweli. Tarehe 25 Julai 1946 jeshi la Marekani lililipua bomu chini ya maji kwenye kisiwa cha Bikini, Bahari ya Pasifiki, katikati ya kundi la meli zaidi ya 90 walizozipanga makusudi waone zitafanywaje, na wakaweka kamera mamia, kwenye ndege, kwenye minara, kwenye meli, za kasi ya kawaida na za kasi kubwa. Conner akaomba hizo picha serikalini na akaruhusiwa. Akaziweka mfululizo, pembe hii, pembe ile, kasi hii, kasi ile. Safu ya maji yenye upana wa mita 600 hivi inasimama kutoka baharini kama mti mweupe, juu inachanua, meli za kivita pembeni yake zinaonekana kama vitoto vya bata. Sehemu ya kwanza ina sauti za ndege na mngurumo ambazo Patrick Gleeson alizitengeneza kwa kinanda cha umeme, sehemu ya pili muziki wa Terry Riley, wa taratibu, unaorudia, karibu unakubembeleza. Dakika ya kwanza unaogopa. Dakika ya 20 unasema pazuri. Hapo ndo mtego ulipo, na mi nimekuja kuikubali kazi hii baada tu ya kujichukia kidogo kwamba nimesema pazuri.

Maana Bikini kulikuwa na watu. Walikuwa 167, wakahamishwa Machi 1946 na kupelekwa kisiwa kingine ambacho chakula hakikutosha. Afisa wa jeshi aliyewaomba wahame aliwaambia ni kwa manufaa ya binadamu wote, na lile ombi lenyewe likarudiwa mbele ya kamera za jeshi, mara kadhaa, mkuu wa kisiwa Juda na watu wake wamekaa pale wakisubiri lirekodiwe vizuri. Kwaiyo hata ukweli wenyewe ulipigwa kama muvi kabla muvi hazijauchukua. Siku chache baada ya jaribio la kwanza la Julai mosi, huko Paris jamaa mmoja mshona nguo akazindua vazi la kuogelea akalipa jina la kisiwa. Leo ukisema bikini duniani watu wanafikiria ufukwe.

Kutoka hapohapo Bikini ndo likatoka lile dude la Japani. Machi 1954 Wamarekani walilipua bomu lingine huko, kubwa zaidi kuliko walivyolipigia hesabu, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa baharini kwenye shughuli zao, mmoja akafariki mwezi wa tisa. Novemba mwaka huohuo Godzilla akaingia sinema, dude lililoamshwa na majaribio ya bomu, na muvi inaanza na meli inayoshambuliwa na mwanga baharini. Wajapani waliokaa kwenye viti hawakuhitaji kuelezewa. Nimeyasema haya kwa sababu tunapenda kusema Hollywood inabuni tu, wakati kiama cha kwenye muvi mara nyingi ni kumbukumbu imevalishwa mkia.

Mwandishi Susan Sontag aliliona hilo mwaka 1965, akaandika insha kuhusu muvi za kisayansi za miaka ile, akasema hizi hazihusu sayansi, zinahusu maafa, na raha yake ni raha ya kuona vitu vinaharibiwa vizuri. Kuona mji unavunjwa kuna uzuri wake, na muvi inakupa ruhusa ya kuufurahia huo uzuri kwa sababu mwisho wa siku mwanasayansi anapata dawa, jeshi linashinda, mnaenda nyumbani. Inakutisha na kukutuliza kwa wakati mmoja.

Sasa tufike kwa Tracey Moffatt, ambaye ndo amenifanya niandike yote haya. Ni Mwaborijini wa Australia, kazaliwa Brisbane 1960, mpiga picha na mtengeneza filamu mwenye jina kubwa, mwaka 2017 aliiwakilisha nchi yake kwenye maonesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, akiwa msanii wa kwanza wa wenyeji asilia kupewa banda la Australia peke yake. Kuanzia 1999, yeye na mhariri Gary Hillberg walianza kutengeneza mfululizo wa kazi za kuunga vipande vya muvi za Hollywood. Ya kwanza, Lip, wamekusanya mahausigeli weusi wa kwenye muvi wakiwajibu mabosi zao wa kizungu. Tu hivyo. Mmoja mmoja kwenye muvi yake ni kichekesho cha sekunde tano, ukiwaweka pamoja ni uasi. Zikafuata nyingine, ya wasanii, ya mapenzi, na mwaka 2007 ikaja Doomed, ambayo kwa Kiswahili cha kwetu ningeiita "Tumekwisha".

Doomed ina dakika 10. Ni maafa mwanzo mwisho, majengo yanaanguka, maji yanafunika mji, moto, watu wanakimbia, na kila kitu kimetoka kwenye muvi tofauti, za gharama kubwa zimekaa bega kwa bega na za bei poa ambazo unaona kabisa kwamba ile ghorofa ni boksi. Muziki unaendesha gari lote, unaanza kwa kunyatia, unajaza, unapandisha, unakukaba. Kinachochekesha ni kwamba unajua unachezewa na bado moyo unaenda mbio.

Alafu kinaanza kutokea kitu. Kwakuwa stori haipo, macho yanaanza kuona tabia. Unagundua maafa yana sarufi yake. Kwanza mnyama anajua, mbwa anabweka au ndege wanaruka. Alafu kitu kidogo kinatikisika, glasi, taa ya dari. Alafu kuna uso. Huo uso ndo roho ya muvi zote hizi, mtu kasimama barabarani anaangalia juu, mdomo wazi kidogo, anaona kitu ambacho sisi bado hatujaoneshwa. Alafu ndo wimbi. Ukiangalia muvi moja unadhani ni mbinu ya dairekta huyu, ukiangalia vipande vingi mfululizo unakuta ni uso mmoja umevaliwa na watu wengi, miaka ya hamsini, sabini, tisini, mzungu, mjapani, mwanamke, polisi. Tangu nimeona hivyo siwezi tena kuangalia muvi ya maafa bila kuusubiri ule uso, na unakuja, haujawahi kuniangusha.

Kitu cha pili kinachotokea ni kwamba steringi hayupo wa kukuokoa. Sisi tuliolelewa na picha za steringi tunaelewa sheria, steringi hafi, na ndo maana watu bilioni mbili wakifa nyuma yake hatuna presha. Kwenye Independence Day moto unameza watu na magari ndani ya handaki, alafu mbwa wa familia anaruka pembeni sekunde ya mwisho, anapona, ukumbi unashangilia. Ukumbi wetu ulishangilia! Mji mzima umeungua na sisi tunampigia makofi mbwa. Stori ndo inayofanya kazi hiyo, inakuchagulia wa kumlilia. Moffatt na Hillberg wakiing'oa stori unabaki na wale wengine wote, wale wasio na majina wanaokimbia kuelekea kamera, na hakuna anayepona mwishoni kwa sababu hakuna mwishoni, ikifika dakika ya 10 inaanza upya.

Pia usisahau kazi hii ni ya 2007. Miaka sita nyuma yake ilitokea Septemba 11, na watu waliokuwa pale pale New York, wanaoona kwa macho yao, walikuwa wanasema ni kama muvi. Wengi walishangaa kwanini maneno hayo ndo yaliyowatoka mdomoni. Mbelgiji Johan Grimonprez alishaicheza kamba hiyo mapema, mwaka 1997, kwenye kazi ya saa moja na kitu aliyoiunga kutoka picha za televisheni za utekaji nyara wa ndege, imechanganywa na muziki wa disko, na ukiiangalia leo unapata baridi.

Hapa nataka niingize suala la lugha kwa sababu Kiswahili kinatusaidia kuliko wanavyosaidiwa wenzetu. Wazungu hapo wanapenda kutumia neno moja, apocalypse, limetoka Kigiriki, na kwa matumizi ya leo linamaanisha dunia kuharibika. Lakini maana yake ya asili sio kuharibika, ni kufunua, kutoa pazia. Sisi tumetenganisha. Tuna kiama, kutoka Kiarabu, siku ya kusimama, wafu kuinuka na milima kuwa kama sufi iliyochambuliwa. Na tuna ufunuo, ndo maana kitabu cha mwisho cha Biblia ya Kiswahili ni Ufunuo, sio Maangamizi. Kwa hesabu hiyo basi Hollywood inauza kiama, tena kiama ambacho hakuna anayesimama wala kuhukumiwa, ni mabomu tu. Na msanii mwenye mkasi anachukua kiama hicho anatafuta ufunuo ndani yake, anavuta pazia uone injini. Ndo jibu langu kwa swali la msanii kafanya nini.

Ila pazia nalo lina utamu wake, tusijifanye. Injini yenyewe ni ya ajabu. Ule ukuta wa moto unaotembea mtaani kwenye Independence Day, ukimeza magari, walitengeneza mtaa mdogo wa modeli, wakausimamisha wima kama ngazi, kamera wakaiweka juu inaangalia chini, wakawasha mlipuko kule chini kabisa. Moto tabia yake ni kupanda, kwaiyo ukapanda kwenye modeli ukiifuata kamera, na sisi kwenye benchi tukaona moto unatembea barabarani unatufuata. Mtu aliyewaza hivyo mi namheshimu kuliko maprofesa kadhaa.

Na kuna msanii amekaa pande zote mbili za pazia. Marco Brambilla, mwaka 1993 aliongoza Demolition Man, ile ya Stallone na Wesley Snipes, mabomu kwa kwenda mbele. Baadae akahamia sanaa ya video, na mwaka 2008 akatoa Civilization, mamia ya vipande vya muvi vimekatwa na kubandikwa kwenye mandhari moja ndefu ya kwenda juu, chini kabisa jehanamu, madude na moto, katikati watu wanahangaika, juu peponi. Kazi hiyo iliwekwa wapi? Ndani ya lifti za hoteli New York. Ukipanda kwenda chumbani unatoka motoni kwenda peponi, ukishuka kutafuta chai unarudi motoni. Kuna wanaosema ni mapambo ya hoteli tu yenye gharama, na sitawapinga sana, kazi yake inang'aa mno, haina ile dhihaka ya Moffatt. Lakini wazo la kuhukumiwa kwa kubonyeza namba ya ghorofa, hilo nimemkubalia.

Lile la wizi nalo tuligusie. Wengi wa wasanii hawa hawaombi ruhusa kwa kila kipande, Christian Marclay alitengeneza The Clock mwaka 2010, saa 24 za vipande vya muvi vinavyoonesha saa, maelfu kwa maelfu, ungemwambia aombe ruhusa moja moja angezeeka nayo. Marekani kuna kinga ya matumizi ya haki, ukiweza kuonesha kwamba umekibadilisha kitu kimekuwa kingine, ingawa Mahakama ya Juu huko mwaka 2023 kwenye kesi ya picha za msanii Andy Warhol iliibana hiyo kinga kidogo. Kwingine sheria ni nyingine, na wasanii wengi wanaishi kwa kutegemea kwamba studio hazijisumbui kumshtaki mtu wa jumba la sanaa. Mi msimamo wangu ni mwepesi, kama baada ya kuiona kazi huna tena hamu ya kuiangalia muvi kwa macho yaleyale, basi kimebadilishwa.

Na huku kwetu? Hollywood haituharibii, tumeshaona, kiama ni cha New York, London, Tokyo, sisi tukibahatika tunawekwa sekunde mbili watu wanaangalia angani. Kwenye 2012, muvi ya 2009 ya dairekta yuleyule wa Independence Day, Roland Emmerich, dunia yote inazama, alafu mwishoni inatangazwa kwamba Afrika ndo imeinuka, milima ya Drakensberg sasa ndo mirefu kuliko yote, na majahazi ya wenye hela yanageuza kuelekea Rasi ya Tumaini Jema. Kamera inapaa, tunaliona bara letu toka angani. Zuri, kimya, kama kiwanja kilichokuwa kinasubiri wajenzi. Nilicheka peke yangu.

Jibu la hilo sijalipata Venice, nimelipata Kampala. Nabwana I.G.G. na timu yake ya mtaa wa Wakaliga, wenyewe wanapaita Wakaliwood, mwaka 2010 walitengeneza Who Killed Captain Alex kwa bajeti ambayo hata harusi ya kawaida haitoshi, wanasema dola 200, bunduki za vyuma chakavu, na humo helikopta zilizotengenezwa kwenye kompyuta zinaibomoa Kampala, ghorofa zinawaka, moto unaonekana umebandikwa na wala hawajali. Hatimaye Mwafrika kaubomoa mji wake mwenyewe kwa raha zake. Na juu ya picha kuna VJ Emmie anapiga domo mwanzo mwisho, anashangilia, anatania, anakuambia jiandae inakuja. Mwaka 2022 watu haohao wakaalikwa documenta kule Kassel, Ujerumani, moja ya maonesho makubwa kabisa ya sanaa duniani, wakakaa sawa na kina Moffatt. Mkenya Wanuri Kahiu alienda njia nyingine mwaka mmoja kabla ya Captain Alex, Pumzi, dakika 20 na ushee, Afrika Mashariki baada ya vita vya maji, binti anabeba mche wa mti jangwani, hakuna mlipuko hata mmoja. Inahitaji makala yake.

Lakini huyo VJ ndo kaninasa, kwa sababu sisi tulikuwa naye. Kwa Wakenya ni DJ Afro, kwetu alikuwa Lufufu na wenzake, sauti inayokaa juu ya muvi ya watu, inatafsiri, inaongeza chumvi, inampa adui jina la kitaani, inamshauri steringi asipite njia ile. Hilo ni kuikata muvi bila mkasi. Unaikuta stori yao, unaipachika ya kwako juu, na Ikulu ya Marekani inaanguka kwa Kiswahili.

Nilirudi kile kibanda miaka mingi baadae, nikiwa kidato cha tatu, mzee yuleyule, mkanda uleule. Mtu asiyejua kanda za VHS aelewe, mkanda ukirudishwa sana sehemu moja unalika hapohapo, penginepo unabaki mzima. Muvi ilienda safi, sura za watu, Rais anaongea, mke wake kwenye helikopta, mwanga ukaanza kushuka juu ya Ikulu, na skrini ikajaa chenga. Chenga tupu, nyeupe na nyeusi, mngurumo kwa mbali. Zikaisha, moto ulishapita, mbwa ameshapona. Madogo wa mbele kwenye benchi, ambao mkanda mzima hawajawahi kuuona, wakaanza kupiga kelele. "Rudisha!" Mzee akarudisha.